Hakuna Igloo Kayole

Oktoba mwaka jana, Jumamosi asubuhi, nilimsindikiza dadangu na mwanawe wa miaka 5 kwenda intavyu. Si intavyu ya kazi. Ni ya kuingia Gredi ya 1. Kijana alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa kama sufuria mpya, shati limechomekwa, soksi zimevutwa hadi magotini, na ndani ya matatu mamake alikuwa anampitisha kwa maswali kama wakili anayemwandaa shahidi. Jina lako nani, kwa Kizungu. Hii ni rangi gani, kwa Kizungu. Hesabu mpaka hamsini, kwa Kizungu. Akikwama ananitazama mimi, na mimi, anti yake mpendwa, namtolea macho kama mwalimu wa zamu.

Shule yenyewe sitaitaja. Iko Eastlands, ni ya ghorofa, na ukutani kuna Mickey Mouse ambaye ukimkazia macho unagundua ni panya wa kawaida amevalishwa suruali. Wazazi tulipanga foleni kwenye korido. Watoto waliingizwa mmoja mmoja. Mlango ulikuwa nusu wazi, kwa hivyo nilisikia kila kitu.

Mwalimu alimwonyesha kadi yenye picha ya mboga za majani. "What is this?" Kijana akajibu bila kusita: "Sukuma." Mwalimu akauliza tena, polepole. "Sukuma," akasema tena, sauti imepanda kidogo, vile unamsemesha mtu asiyesikia vizuri. Halafu akaongeza maelezo ambayo hakuna aliyemwomba: kwamba susu yake kule ushago anazo nyingi, na kwamba unakata yale majani ya chini tu, ya juu unayaacha yaendelee kumea, na kuku wakiingia shambani wote wanapigiwa kelele. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi. Kadi iliyofuata ilikuwa na picha ya igloo.

Hakupita. Tuliambiwa "hajaiva", kwamba tumrudishe PP2 mwaka mwingine au tumtafutie tuition mpaka Desemba ndio ajaribu tena. Dadangu alilia ndani ya matatu kuelekea nyumbani, kimya kimya, uso ameugeuzia dirishani. Mtoto akamuuliza kama amekosea. Akamwambia hapana. Akauliza tena: "Sasa sukuma inaitwaje?"

Nimeamua kuandika kwa sababu ya lile swali. Mtoto wa miaka 5 aliingia kwenye kile chumba akijua kitu. Alikijua kwa mikono, kwa macho, na kwa mpangilio: kwanza hiki, halafu kile, na sababu yake ni hii. Akatoka akiamini kwamba hakijui, kwamba hata jina lake si lile alilofunzwa na nyanya yake. Dakika kumi tu. Na kwa dakika hizo kumi mzazi anadaiwa doo ya fomu ya intavyu, hairudishwi.

Wacha tuulize basi swali lenyewe. Kabla mtoto hajaingia Gredi ya 1, anafaa awe amejua nini? Uliza kwenye ploti yoyote kuanzia Pipeline hadi Githurai, utapewa jibu moja: ajue kusoma, kuandika, kuhesabu mpaka mia, na azungumze Kizungu. Yaani, ili mtoto aanze shule, inabidi kwanza awe amemaliza kile anachoendea shule. Ni kama kuambiwa uoge vizuri kabla ya kuingia bafu.

Na si ati serikali ndiyo ilisema hivyo. Hapa ndipo nashikwa na hasira, maana kwenye karatasi nchi hii ina akili nyingi sana. Mtaala mpya ulipoanza kote nchini 2019, masomo ya PP1 na PP2 hayakuitwa hata masomo. Yaliitwa shughuli: za lugha, za hesabu, za mazingira, za kuchezesha mwili na kubuni, na za dini. Kuhusu lugha, sera inasema watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo wanakoishi, ambayo kwa sisi wa mjini ni Kiswahili. Hiyo si ndoto ya jana. Ripoti ya Gachathi ilisema hivyo 1976, miaka kumi na miwili baada ya ile ya Ominde ya 1964 kutuambia tuanze na Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atapokelewa. Unaruhusiwa tu ule wa kujua atakaa darasa gani. Shule za kibinafsi zimekaa nje ya hicho kifungu kama mtu aliyekaa nje ya mvua, chini ya paa la jirani, anatucheka.

Kwa hivyo tuko na karatasi inayosema "shughuli" na ukuta unaosema "No Vernacular". Mzazi hasomi karatasi ya serikali. Anasoma ukuta.

Sasa hebu tuwasikize watu ambao walijiuliza hili swali kabla nasari hazijafika kwao. Mapema miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na Wakipsigis mahali panaitwa Kokwet. Walitaka kujua wazazi wa pale wakisema mtoto ana akili, wanamaanisha nini. Neno walilopewa ni ng'om. Lakini wazazi walitofautisha: kuna ng'om ya shule na kuna ng'om ya nyumbani, na hazikuwa kitu kimoja. Mwenye ng'om ya nyumbani ni mtoto anayeona kazi inayohitaji kufanywa na kuifanya bila kungoja kuambiwa. Amemaliza kula, ameona sakafu ina makombo, amefagia. Ametumwa kwa jirani, amefika, amesema alichotumwa, amerudi na jibu lote, hajaliacha nusu njiani.

Miaka baadaye, watafiti wengine walienda kwa Waluo na kukuta maneno manne yanayozunguka akili: rieko, luoro, paro, winjo. Rieko ni ile akili ya maarifa na ujuzi, ambayo shule inaitambua. Lakini luoro ni heshima na kujali wengine, paro ni kufikiria na kuanzisha jambo mwenyewe, winjo ni kuelewa hali na kujua ufanye nini ndani yake. Niambieni ni kadi gani ya intavyu inapima winjo. Mpwa wangu alimwona mamake analia, akatulia, hakuomba hata ile soda aliyoahidiwa. Hiyo ni winjo kabisa. Haikuandikwa popote.

Kutumwa ni mtihani mzito kuliko tunavyofikiria. Mtoto wa miaka 5 ukimtuma kwa duka la chini, achukue unga kilo mbili na chumvi, aulize kama kuna maziwa, na kama hayapo arudi na chenji, umempa kumbukumbu, hesabu, mazungumzo na mtu mkubwa, na uamuzi wa "kama hiki hakipo, basi kile". Mwalimu yeyote wa Gredi ya 1 anayekutana na mtoto wa aina hiyo ana bahati. Lakini tukimtuma tunaona tunampotezea muda wa homework.

Na kuna habari ya mikono. Kifundo cha mkono kina mifupa 8. Mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja uliokwisha kuwa mfupa, yote ni gegedu laini, na huwa inakomaa mmoja mmoja kadiri miaka inavyosonga. Mtoto wa miaka 4, karibu nusu ya hiyo mifupa ndiyo inaanza anza au bado kabisa. Huyo ndiye tunampa penseli nyembamba ajaze kurasa mbili za herufi "a" bila kutoka kwa mstari, na akitoka anafutiwa, anaanza upya, machozi yanalowesha daftari. Kinachoimarisha huo mkono ni kukanda unga, kumenya minji, kufua soksi zake mwenyewe, kupanda ukuta, kusokota waya. Penseli ikija baadaye inakuta mkono uko tayari. Wafini wanaanza shule wakiwa na miaka 7, na sijasikia wanalalamika kwamba nchi yao imejaa wajinga.

Nikitaja waya, nakumbuka utafiti mmoja ambao ningetamani ubandikwe kwenye kila ofisi ya mwalimu mkuu. Robert Serpell aliwachukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester akawaomba wanakili maumbo. Alichapisha matokeo 1979. Kwa kuchora kwenye karatasi, watoto wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo, ambao kote watoto wanauchezea, walikaribiana. Akili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kile walichokuwa wamezoea kushika. Sasa jiulize sisi tumechagua kupima watoto wetu kwa nini: karatasi au waya? Umewahi kuona lile gari la waya, lenye usukani mrefu unaopinda magurudumu ya mbele kabisa, breki za slipa, namba pleti ya kopo la Blue Band? Aliyelitengeneza alipima, akakosea, akarekebisha. Hakuna aliyempa alama.

Ngoja niwachekeshe kidogo, ingawa hiki kichekesho kinauma. Mnajua Montessori? Hapa Nairobi hilo jina likiwa kwa geti, ujue parking imejaa magari makubwa. Watoto wa huko wanavua viatu. Wanamwaga maji kutoka jagi hadi kikombe. Wanachambua mbegu, wanafunga vifungo, wanapanda maua, wanapaka matope. Homework hakuna. Wazazi wao wanalipa pesa ndefu sana kwa hayo mambo. Lakini Maria Montessori alifungua ile nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa watu wa chini wa Roma, kwa sababu wazazi walikuwa wanaenda kazi na watoto wanabaki wakizurura kwenye ngazi za majumba. San Lorenzo ilikuwa Pipeline ya wakati huo. Kile kitu kilibuniwa kwa ajili ya mtoto wa ploti, kikasafiri dunia nzima, kikarudi Nairobi kama bidhaa ya watoto wa Lavington. Na mtoto wa ploti ameachiwa nini? Daftari la mistari, kiboko cha Kizungu, na tuition ya saa kumi na moja jioni.

Yaani tajiri ananunulia mtoto wake matope, na maskini ananunulia wake karatasi. Halafu miaka ishirini mbele wakutane kwa ofisi moja, tushangae kwa nini mmoja anasema "nina wazo" na mwingine anangoja kuambiwa afanye nini.

Na msinidanganye kwamba kucheza ni mambo ya kizungu. Sisi tulikuwa na kalongolongo kabla hatujasikia jina la Montessori. Kalongolongo ni nini kama si mtaala? Kuna nyumba, kuna bajeti, kuna baba anayerudi amelewa (watoto wanaona kila kitu), kuna mgonjwa, kuna daktari, na kuna ule mjadala mrefu wa nani atakuwa mtoto. Bano inafunza pembe na nguvu. Kati inafunza kukwepa na kungoja. Tapo, brikicho, bladaa, zote zina sheria ambazo hazijaandikwa popote, na mtoto anayevunja sheria anakatazwa kucheza na wenzake, si mwalimu. Mtoto aliyeshindwa bano, akapoteza zile zake zote, akaenda nyumbani na hasira, na kesho akarudi, huyo amejifunza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikimaliza chuo kikuu bila kukipata.

Au mnataka mfano wa darasani kabisa, wa hapa hapa? Miaka ya 1980, Mombasa, wazazi Waislamu walikuwa na shida inayofanana na yetu: watoto wao walikuwa hawafanyi vizuri shule za msingi, na chekechea zilizokuwepo hazikuwa za lugha yao wala dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianzisha chekechea ndani ya mazingira ya madrasa. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa wenyewe, wakapewa mafunzo. Vifaa vilikuwa vifuu, makuti, vifuniko vya chupa, mchanga, vitambaa. Lugha ilikuwa ya nyumbani. Hadithi na nyimbo zilikuwa za Pwani. Mpango ukavuka ukafika Zanzibar, ukafika Uganda. Haukuhitaji picha ya igloo hata moja.

Kingston, Jamaika, kati ya 1986 na 1987 walichukua watoto wachanga 129 waliodumaa kwa njaa. Wengine kati yao walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki, miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida tu, wakawa wanamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa vitu vya kuokota vilivyotengenezwa vikawa vya kuchezea. Basi. Miaka 20 baadaye, wale waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hakuna aliyewafunza herufi. Mtu alikaa chini na mamao akawaonyesha kwamba chupa ya plastiki ikiwekwa mawe inalia.

Najua mnachosema sasa hivi. Wewe huna mtoto, ni rahisi kwako. Ni kweli sina. Na Kizungu ndicho doo, wacha kutudanganya. Ni kweli pia, na hata mimi ninalipa rent kwa Kizungu. Sijasema mtoto asijue Kizungu. Nasema lugha ya pili huwa inajengwa juu ya ya kwanza, na mtoto anayeweza kusimulia kwa Kiswahili jinsi kuku walivyoingia shamba la susu, mwanzo, katikati na mwisho, atakapopewa maneno ya Kizungu atakuwa na mahali pa kuyaweka. Yule aliyenyang'anywa ya kwanza kabla hajapewa ya pili anabaki na "yes teacher". Nenda kasikize madarasa yetu ya chini. Hiyo "yes teacher" inaimbwa vizuri sana, kwaya nzima. Uliza mmoja mmoja wanakubali nini.

Pingamizi lenye uzito ni lingine, na mara nyingi halisemwi kwa sauti. Ni hili: acheze wapi? Dadangu anaishi ghorofa ya tano, chumba kimoja na nusu. Korido ni ya kuanika nguo. Chini ni bodaboda na maji ya mtaro. Anatoka kazini saa moja usiku. Mtoto akitoka nasari saa nane, kuna machaguo matatu: abaki na jirani anayemwekea katuni, azurure, au akae tuition. Tuition ni mtu mzima anayemwangalia mtoto mpaka mama afike, kwa shilingi mia mbili kwa wiki. Ile ya herufi ni ya kumfanya mama ahisi ananunua elimu, si ulinzi. Ukilielewa hilo huwezi kumcheka mzazi yeyote.

Viwanja vyetu tulivipoteza tukiona. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walisukuma ukuta uliokuwa umezingira uwanja wao, wakarushiwa vitoa machozi na polisi. Watoto, sare zao za shule, wanakohoa. Dunia nzima iliona zile picha. Mtu akikwambia leo kwamba watoto wa Nairobi hawachezi kwa sababu ya simu, mkumbushe kwamba kuna waliotoka kudai mahali pa kuchezea.

Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti. Gavana akija mtaani ataonyesha madarasa aliyojenga, na mengine ni mazuri kweli, rangi inanukia. Muulize mwalimu aliye ndani ya hilo darasa analipwa na nani na kwa kandarasi gani, maana huyo hayuko chini ya TSC kama mwenzake wa Gredi ya 1 aliye ng'ambo ya uzio. Nchi hii inaamini kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo mwalimu wake anavyofaa kulipwa kidogo. Kisha huyo huyo mwalimu, anayetishiwa na mzazi kwamba "mtoto wa jirani anasoma tayari", tunamtaka awe na ujasiri wa kusema wacha acheze.

Kwa hivyo nikiulizwa mimi, mtoto aingie Gredi ya 1 akijua nini, nitasema ajue jina lake lote na la mamake, na nyumba yao iko wapi, ili akipotea arudishwe. Ajue kwenda choo na kunawa bila kushikwa. Ajue majina ya sehemu zote za mwili wake, zote, bila kificho, na ajue kwamba mtu mzima akimgusa vibaya anaruhusiwa kukataa na kupiga kelele na kusema, hata kama huyo mtu ni mjomba, mwalimu au pasta. Hilo silioni kwenye intavyu yoyote, na ndilo ningeliweka juu ya yote. Ajue kungoja zamu. Ajue kusema "sijaelewa", kwa lugha yoyote. Akiwa na hadithi moja ya nyanya yake anayoweza kuisimulia mpaka mwisho, huyo kwangu ameiva. Herufi atazikuta shuleni, ndiyo kazi ya shule, na tunalipa kodi na karo kwa sababu hiyo.

Yetu sisi iliishaje? Dadangu alimpeleka tuition, wiki tatu. Wiki ya pili nilipiga simu ushago, nikampa kijana azungumze na susu. Akawa kimya. Nikamwambia msalimie. Akaninong'oneza, "Anti, kwa Kizungu?" Susu yake kwa upande ule mwingine anaita tu jina lake, anauliza kama laini imekatika. Laini ilikuwa sawa. Niliichukua ile simu nikasema mtandao ni mbaya. Hiyo ni mara ya kwanza nimemdanganya mamangu kuhusu jambo ambalo ni mimi nililifanya, maana zile picha za rangi na wanyama nilimnunulia mimi, na nilipokuwa namsahihisha nilikuwa nafinya sikio.

Siku hizi natoka kazini mapema Jumanne na Alhamisi, nampitia. Zile mia mbili za tuition tunanunua ndengu. Tunaketi sakafuni na uteo wa susu, tunachambua. Januari aliingia shule ya umma iliyo karibu, hakuulizwa kadi, ingawa darasa lake lina watoto wengi mno na mwalimu ana sauti imekauka kufikia Jumatano. Alhamisi iliyopita alitoa mawe kumi na manne, akayapanga kwa mstari kutoka kubwa hadi ndogo. Nikamwambia hili la sita si jiwe, ni ndengu iliyovunjika. Akalichukua, akalilamba, akaliuma kidogo kwa meno ya mbele, akalirudisha kwa mstari. "Ni jiwe, Anti." Nikamwambia ni ndengu. Akanipa mimi nilambe.